Kifungu cha Tatu

Dimona, 3 Machi 1963

Mdogo wangu Milka,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama, na kwamba goti lake halijaanza tena matata. Sisi huku hatujambo. Wifi yako Dina anakusalimu, na anasema ukipata mtu anayesafiri kuja huku, mpe pepeta na nazi kavu. Nazi huku ni kitu cha kuangaliwa dukani tu. Juzi alijaribu kutengeneza malida, ile pepeta yetu ya sukari na nazi, kwa ngano. Tukala, tukamshukuru Mungu, na habari hiyo hatukuizungumza tena.

Kiwandani bado niko kwenye mashine za kufuma. Msimamizi wetu ananiita "Mhindi". Bombay waliniita Myahudi kwa miaka arobaini na mitano, kumbe nilikuwa nangoja kuvuka bahari ili niwe Mhindi. Nilimwambia hivyo, akacheka, nami nikacheka.

Sasa habari kubwa. Yemima amepata mchumba. Anaitwa Amram, fundi umeme, wazazi wake walitoka Moroko. Ni kijana mtaratibu. Akija kwetu huketi karibu na mlango kama mtu aliyekuja kusoma mita. Mwambie Mama kwamba mjukuu wake ataolewa, na kwamba anamuomba dua zake. Msomee mpaka hapa, kisha ukunje karatasi.

Ndoa huku haifungwi hivihivi. Inapitia ofisi ya ndoa, na sisi tuliotoka India wanatuuliza habari za wazee wetu, vizazi kwa vizazi. Si jambo kubwa. Wanataka barua ya katibu wa jumuiya tuliyokuwa wanachama wake, na katibu ni wewe. Andika kwa Kiingereza, upige muhuri wa Ohel Emet, useme familia yetu ni Wayahudi tangu asili. Usiingie ndani sana.

Kaka yako,
Nissim


Byculla, Bombay, 2 Aprili 1963

Kaka Nissim mpenzi,

Barua yako ilifika tukiwa tumetoa vyombo vyote nje kwa usafi wa Pasaka, kwa hiyo Mama aliisikiliza akiwa amekaa juu ya pipa la mchele. Aliposikia habari za Yemima aliuliza kama huyo Amram ana meno mazuri. Nikamwambia kaka hakuandika habari za meno. Akasema basi uandike. Macho yake sasa yanaona mwanga na vivuli tu, lakini bado anajua nikitia chumvi nyingi kwenye samaki kabla hajaonja.

Hapa tunapungua. Akina Navgaonkar wameondoka mwezi uliopita, wote tisa. Sabato iliyopita tulikuwa kumi na wanne, wanaume watano na wanawake tisa. Katika sinagogi lingine lolote la Bombay wangesema hatukutimia wanaume kumi wa sala, tukarudi nyumbani. Kwetu tulitimia, na mimi ndiye niliyesoma Torati. Bwana Bamnolkar, mwenyekiti, alisinzia, lakini alisinzia hata zamani tulipokuwa mia mbili.

Kuhusu barua unayoitaka. Nilifungua kabati nikatoa katiba ya jumuiya, ile yenyewe, yenye mwandiko wa Baba wa mwaka 1931. Nilitaka kusoma mstari mmoja, nikajikuta nimeketi sakafuni nasoma yote. Kifungu cha kwanza: mwanamume na mwanamke wataketi pamoja, na kila mmoja ana kura moja. Cha pili: tutamwomba Mungu kwa Kiebrania na kwa Kimarathi, ili mtu ajue anachokiomba. Cha tatu unakijua, lakini nitakuandikia: "Anayeingia hapa hataulizwa bibi yake alikuwa nani, wala jumuiya hii haitatoa cheti cha damu ya mtu yeyote."

Naweza kuandika kwamba wewe na Dina mlifunga ndoa hapa, kwamba mlikuwa wanachama wema, na kwamba uliwahi kuwa mweka hazina na hukuwahi kuchelewa. Hayo nitayaandika leo hii. Hilo jingine siwezi, Kaka, na wewe unajua siwezi. Wanataka nini hasa?

Mama anasema umwambie Yemima asiolewe siku ya joto kali.

Mdogo wako,
Milka


Dimona, 20 Mei 1963

Milka,

Sote wazima. Meno ya Amram ni mazuri.

Barua yako ya ndoa na uanachama nimeipata, ahsante, lakini haikutosha. Ofisi watakuletea fomu yao moja kwa moja. Ijaze, piga muhuri, irudishe. Usimsomee Mama. Mengine tutazungumza siku tukionana.

Nissim


Byculla, 30 Juni 1963

Kaka,

Mvua imeanza na barabara ya sokoni imekuwa mto. Mama mzima. Shule zimefunguliwa, nina watoto hamsini na wawili darasani, na nusu yao wana mafua. Nimemaliza salamu.

Fomu imefika. Niliifungua nikiwa nimesimama mlangoni, mwavuli bado unachuruzika. Imeshachapwa yote, kilichobaki ni saini yangu na muhuri. Inasema: "Mimi, katibu wa Ohel Emet, nathibitisha kwamba Nissim Varulkar ni mwana wa Aharon Varulkar na mkewe Elisheba, aliyefariki mwaka 1913." Na nyuma yake wamebandika nakala ya daftari la sinagogi la zamani, inayoonyesha kwamba Elisheba alimzalia Aharon mtoto wa kiume, akatahiriwa siku ya nane.

Mimi na wewe tunajua mtoto yule aliishi siku kumi na moja. Baba alitueleza wote wawili, siku ile alipotupeleka kwenye kaburi la mkewe wa kwanza. Mtoto alimfuata mama yake ndani ya wiki moja, na kwa majonzi hakuna aliyerudi kwenye daftari kuandika kwamba amekufa. Wewe ulizaliwa mwaka 1915, katika chumba hiki ninachoandikia, na aliyekuzaa amelala upande wa pili wa pazia, ananiuliza kwa nini nimenyamaza.

Kwa karatasi hii, Kaka, yeye ni nani kwako?

Unakumbuka vizuri kuliko mimi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, wewe kumi na mitano. Sinagogi la zamani, Ijumaa jioni, kikombe cha sharubati ya zabibu kinapita mkono kwa mkono. Israeli Weupe, wanaojiita damu safi, kwanza, Israeli Weusi mwisho, na Mama mwisho wa mwisho, kwa sababu bibi ya mama yake alikuwa Mhindu wa kijijini Konkan. Siku ile kikombe kilimfikia kikiwa kitupu. Wewe ndiye uliyeuliza, kwa sauti, watu wote wakasikia: "Kwa nini Mama hanywi?" Baba alimshika Mama mkono, tukatoka wote wanne, na mwaka uliofuata Ohel Emet ikazaliwa katika sebule ya Bwana Bamnolkar ikiwa na watu kumi na saba. Mama ni mwanachama namba mbili. Swali lile lilikuwa lako.

Sitatia saini.

Milka


Dimona, 25 Agosti 1963

Mdogo wangu,

Shikamoo ya Yemima ipokee kwanza, na ya mdogo wake Asafu, ambaye sasa ni mrefu kuliko mimi. Dina amekuwa na homa, amepona. Joto huku linapasua mawe.

Niliiweka barua yako wiki tatu bila kuijibu kwa sababu kila nilipoanza kuandika niliandika matusi. Leo nimepoa.

Wewe unaishi na Baba kabatini na Mama nyuma ya pazia. Mimi naishi na watu ambao wakiona uso wangu wanauliza nimefikaje. Nilikwenda ofisini mwezi wa Februari, nikiwa na suti ya arusi yangu. Karani si mtu mbaya. Jino lilikuwa likimuuma, ameshika shavu. Aliniuliza jina la mama yangu, nikataja. Akauliza la mama yake, nikataja. Akauliza la bibi yake. Nikanyamaza. Angeweza kuandika ule ukimya wangu, faili likafungwa, na jina la Yemima likaingia katika orodha ya wasiooleka. Hakuandika. Aliweka kalamu chini akaniambia, "Bwana, nenda ukafikirie vizuri mama yako ni nani, kisha urudi."

Nilifikiria safari nzima ya basi. Nikarudi baada ya siku tatu, nikasema Elisheba, ambaye ukoo wake hauna swali.

Mama wa Amram ameanza kuuliza arusi ni lini. Yemima hali chakula. Wiki iliyopita alikuja kuketi kando yangu, akaniuliza, "Baba, kuna kitu kwetu?" Nikamwambia hakuna. Unataka nimwambie nini?

Saini yangu nimeshatia. Usipotia yako, mimi ni mwongo mbele ya serikali, na yeye ni binti wa mwongo. Na si mimi peke yangu. Kuna familia kumi na moja za Ohel Emet huku, wote wana watoto wa kuoa na kuolewa, wote wanangoja cheti, na wote wanaambiwa katibu amekataa kwa sababu ya kifungu.

Baba alikuwa mtu mwenye akili, aliacha mlango. Kifungu cha nne: katiba itabadilishwa kwa theluthi mbili ya wanachama waliomo ukumbini. Hili ni ombi langu rasmi kama mwanachama. Itisha mkutano.

Mama hatajua. Hasomi.

Nissim


Byculla, 17 Novemba 1963

Kaka Nissim,

Tuko wazima. Sikukuu zimepita salama. Hii itakuwa ndefu, kaa chini.

Ulileta ombi kwa utaratibu, na mimi nikalishughulikia kwa utaratibu. Katiba inataka kila mwanachama apewe ilani kwa maandishi siku kumi na tano kabla. Niliandika ilani thelathini na nne kwa mkono wangu: kurekebisha kifungu cha tatu, kwa ombi la Nissim Varulkar na wengine. Ya Mama nilimpa mkononi. Nilijua haoni herufi. Nilisema moyoni kwamba nimetimiza wajibu, naye akaikunja akaitia chini ya mto, nikashukuru kwamba hakuuliza.

Jumapili tarehe kumi tulikutana. Walikuja thelathini. Mama alisema anataka kwenda, nikamwambia ni mambo ya vyeti tu, atachoka bure. Akasema yeye ni mwanachama namba mbili na ana viatu. Nikampeleka.

Bwana Bamnolkar alisoma ombi. Niliomba kusema, nikasema. Niliwaambia kwamba nyumba hii haikujengwa kwa sababu ya muziki wala ya mabenchi, ilijengwa kwa mstari mmoja, na tukiutoa mstari huo tunabaki na chumba cha kupanga chenye Torati ndani yake. Walinisikiliza kwa heshima. Niliwafundisha nusu yao kusoma. Halafu akasimama Shalom Pezarkar, yule mwenye duka la saa, akasema taratibu tu, bila ubishi, "Mwalimu, maneno yako ni ya kweli. Lakini mimi naondoka Mei na mabinti watatu. Kweli yako nitawaozesha nayo wapi?" Nikarudi kukaa.

Tukapiga kura kwa mikono. Ilihitajika ishirini. Bwana Bamnolkar akahesabu kumi na tisa, akahesabu tena, kumi na tisa. Mimi nilikuwa nimekaa, mikono mapajani. Nilihisi kama mtu aliyeponea chupuchupu. Ndipo Mama, aliyekuwa kando yangu, akainuka kwa kunishika bega.

Akamgeukia Bwana Bamnolkar, akasema, "Eliya, wewe ulikuwepo. Kifungu hiki Aharon alikiandika kwa ajili yangu. Kama ni changu, basi nina ruhusa ya kukitoa." Akainua mkono. Akaushikilia juu muda mrefu kwa sababu hakuona kwamba umeshahesabiwa.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu waliondoka mmoja mmoja kama wanaotoka msibani. Abigaelbai, jirani yetu wa ghorofa ya chini, alikuwa analia, ndipo nikajua ni nani aliyemsomea Mama ilani. Na Mama alipokwenda, siku chache kabla ya mkutano, kumuuliza Bwana Bamnolkar ombi lenyewe linahusu nini, mzee wa watu akamwambia yote. Alinieleza baadaye kwamba hawezi kumdanganya mwanachama namba mbili.

Njiani nilimuuliza Mama tangu lini. Akasema alijua kuna jambo tangu Machi. "Zamani barua ya kaka yako ilimalizika wali ukiwa umeiva. Siku hizi hata maji hayajachemka, umeshaikunja."

Nilimwambia kwamba hata kifungu kikibadilika, hakijaniruhusu kudanganya. Cheti ni jambo moja, uongo ni jingine. Akasema, "Andika, mwanangu. Mtoto wa Elisheba hakupata hata nusu mwezi duniani. Mwache apate mke, apate watoto, amwoze binti."

Nimeandika. Nimepiga muhuri. Fomu imeondoka kwa rejista tarehe kumi na mbili. Siku hiyohiyo nilimpa Bwana Bamnolkar ufunguo wa kabati na barua ya kujiuzulu. Hajapata katibu mwingine, na hatapata.

Mama anakusalimu. Aliniambia niandike hivyo tu, kwamba anakusalimu.

Milka


Dimona, 14 Januari 1964

Mdogo wangu Milka,

Salamu kwenu. Arusi ilifungwa Jumanne iliyopita. Baridi ilikuwa kali, kwa hiyo amri ya Mama kuhusu joto tuliitii. Yemima alivaa gauni jeupe la kuazima na bangili za Dina. Wamoroko wanajua kuimba. Rabi alisoma majina ya wazazi na ya wazee wao. Yalisomwa yote kama yalivyoandikwa.

Nimekuwekea picha. Kuna shali ya sufu kwa ajili ya Mama, nimempa mwana wa Pezarkar aliyetangulia kuja na sasa anarudi kuwachukua wenzake. Mwambie

Nimekaa hapa muda mrefu na sentensi hiyo. Mpe shali tu.

Nissim


Byculla, 9 Februari 1964

Kaka Nissim,

Pole kwa habari inayoletwa na barua hii.

Mama alifariki Jumamosi, tarehe 18 Januari, baada ya chakula cha mchana. Hakuugua. Alisema anajinyoosha kidogo, akajinyoosha. Tulimzika kesho yake. Barua yako na picha vilifika siku kumi baadaye, na shali juzi.

Utauliza kwa nini sikutuma telegramu. Nilifika mpaka dirishani posta. Nikachukua karatasi, nikaandika "MAMA AMEFARIKI". Halafu nikamwona, kwa mawazo, tarishi wa kwenu akipanda ngazi, akimwita Varulkar kwa sauti, na majirani wakitoka milangoni, na mkwe wako Mmoroko kati yao. Mama wa Nissim Varulkar amefariki tangu mwaka 1913. Nimetia saini mimi mwenyewe. Nikaikunja karatasi nikarudi nyumbani.

Nilikaa chini siku saba peke yangu. Abigaelbai alileta mayai na dengu. Sala ya wafiwa niliisema mimi, kwa sababu kifungu cha kwanza bado hakijaguswa. Jioni mbili tu ndizo tulizotimia kumi. Siku nyingine niliisema hivyohivyo, na Bwana Bamnolkar akaitika "Amina" kwa niaba ya wasiokuwepo.

Mama alikuwa akiulizia picha ya arusi kila siku tangu mwaka mpya. Hangeiona, lakini alitaka kuishika.

Kuna jambo moja nahitaji jibu lako. Mchonga jiwe anataka maneno. Kawaida huandikwa jina, mke wa nani, mama wa nani na nani. Watu wa huku wanaokuja huko ni wengi, na wote hupita makaburini kuaga kabla ya kusafiri. Niandike nini?

Milka


Dimona, 5 Aprili 1964

Milka,

Barua yako nilipewa getini kiwandani nikiingia zamu ya asubuhi. Niliisoma kati ya mashine mbili, mahali ambapo mtu hasikiki hata akipiga kelele.

Mtu akifiwa na mama yake hukaa chini siku saba, hanyoi ndevu, haendi kazini, na majirani huja. Mimi nilikwenda kazini siku zote ila Sabato. Nilinyoa ndevu kila asubuhi. Siku ya tatu msimamizi aliniuliza kama ninaumwa, nikasema jino. Dina aliweka taa ya marehemu kabatini, ndani, nyuma ya mashuka, na nilikuwa nafungua mlango wa kabati kama ninayetafuta shati. Yemima na mumewe walikuja kula Sabato. Alikuwa na furaha. Sikumwambia bibi yake amekufa. Kwa karatasi aliyoolewa nayo, bibi huyo alikwisha kufa zamani.

Ulisema kikombe kilimfikia kitupu. Hapana. Nilikuwa kando ya Baba, nilikiona. Kilikuwa na funda moja. Aliyekuwa mbele yake alikimimina sakafuni, ndiyo maana niliuliza. Sijawahi kumwambia mtu.

Umeniuliza kuhusu jiwe. Yemima ana mimba ya miezi miwili.

Nissim


Byculla, 3 Mei 1964

Kaka Nissim,

Hongera kwa mjukuu. Mungu amlinde Yemima, ajifungue salama. Mwambie Dina nazi kavu na pepeta nimempa Pezarkar, kilo mbili mbili.

Ohel Emet ilifunga milango baada ya Pasaka. Waliobaki saba wanakwenda sinagogi la zamani. Mimi nilikwenda mara moja. Walinionyesha ngazi ya roshani ya wanawake, wakanipisha kwa adabu, nikapanda, nikakaa. Sijarudi. Torati imehifadhiwa kwao. Katiba hawakuitaka, ipo hapa.

Jiwe liliwekwa juzi. Mchongaji alikuwa mzee wa Kihindu anayechonga kwa kufuata mistari bila kujua Kiebrania, kwa hiyo nilisimama juu yake mpaka akamaliza, nisije nikaondoka na kosa. Limeandikwa: Segullabai, mke wa Aharon Varulkar, mama wa Milka.

Alipokuwa anafuta vumbi alitazama nafasi iliyobaki chini, pana, ya kutosha mstari mwingine. Akaniuliza kama mama alikuwa na mtoto mmoja tu.

Nikamwambia mmoja tu.

Milka